Jinsi ya kusafiri wawili kandokando ya bahari kwa gari la kulala

Kosa la kwanza hufanyika mezani, ramani ikiwa mbele yenu. Mnaona Great Ocean Road kule Australia ina kilomita 243, mnagawanya kwa mwendo wa barabara kuu, mnapata saa tatu na ushee, halafu siku hiyohiyo mnaipachika mambo mengine matatu. Barabara ya pwani haiendi hivyo. Inazunguka kila ghuba na kila rasi, inapanda jabali na kushuka hadi kwenye mlango wa mto, na kila baada ya dakika kumi mmoja wenu atasema, "Simama hapo kidogo." Hiyo "kidogo" ni nusu saa.

Gari la kulala, yaani lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, faida yake ni kwamba mnaweza kusimama popote pazuri mkiwa tayari nyumbani. Ukilitumia kukimbizana na vituo umelipia nyumba usiyoikaa. Mimi na mke wangu tulihitaji safari mbili kulielewa hilo, na ya kwanza tulirudi tukiwa hatusemeshani sana. Hatua hizi ni za watu wawili wanaotaka kurudi wakiwa marafiki.

Hatua ya 1: Kateni njia nusu

Andikeni njia yote mnayoitamani, kisha mfute nusu yake. Sisi tumejiwekea kisichozidi kilomita 150 kwa siku kwenye barabara ya pwani, na angalau kila kituo cha pili tunalala usiku mbili. Siku moja katika kila wiki gari halisogei kabisa. Ndiyo siku ya kufua, kukausha matandiko na kulala mchana.

Kisha amueni uelekeo, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Pale magari yanapopita kushoto, endesheni bahari ikiwa kushoto kwenu. Yanapopita kulia, bahari iwe kulia. Great Ocean Road ianzie Torquay kuelekea magharibi. Wild Atlantic Way ya Ireland, yenye kilomita zipatazo 2,500, ianzie kusini kupanda kaskazini. Highway 1 ya California, iendeshwe kutoka kaskazini kushuka kusini. Hapo sehemu za kuegesha zilizo upande wa bahari mnaingia na kutoka bila kukatiza magari yanayokuja, na hakuna lori kati yenu na mandhari. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa jirani wa ukingo wa jabali. Kama mwenzako ana hofu ya vimo, geuzeni uelekeo na msibishane.

Hakikisheni pia njia iko wazi. Barabara zilizochongwa kwenye miamba ya pwani huporomokewa. Mwaka 2017 maporomoko ya Mud Creek, eneo la Big Sur, yaliifunika Highway 1 na sehemu hiyo ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Taarifa za mamlaka ya barabara ya eneo husika zisomwe wiki ya kuondoka, kisha kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Programu ya ramani inaweza kuchelewa kujua, na kuzunguka mlima kwa sababu ya kilomita tano zilizofungwa kunaweza kula siku nzima.

Hatua ya 2: Chagueni gari mnaloweza kulirudisha nyuma

Watu huchagua kwa kutazama picha za ndani. Anzeni na nje: urefu, upana na kimo. Gari la mita 5.5 linaingia sehemu nyingi za kawaida za maegesho. La mita 7 linakuwa na choo na bafu, lakini kila mji wa wavuvi wenye vichochoro utawafukuza. Kwa watu wawili, mita 6 hivi zinatosha. Uskoti kuna njia iitwayo North Coast 500, kilomita 830 hivi, na sehemu zake nyingi ni za gari moja, mnapishana kwenye vijitanuzi tu. Ndani yake kuna mlima wa Bealach na Bà, unaofika mita 626 kutoka usawa wa bahari kwa kona kali, na magari makubwa ya kulala yanashauriwa yasipite. Mwenye gari fupi bado atafikiria mara mbili.

Ndani, kagueni kitanda kwanza. Kikiwa kimelala kukingama gari, anayelala upande wa ndani atamvuka mwenzake kila akitaka kwenda haja usiku. Kikiwa kimelala kwa urefu, kila mmoja anashuka kivyake. Tafadhali laleni wote wawili juu yake dukani, na viatu mvue, dakika kumi nzima. Muuzaji atawaona mna kichaa, mwacheni.

Uzito nao una hesabu. Leseni ya kawaida ya gari dogo katika nchi nyingi za Ulaya kwa muda mrefu imeishia kwenye gari la kilo 3,500 likiwa limepakiwa kila kitu, na magari mengi ya kulala yanaondoka kiwandani yakiwa yameukaribia mpaka huo. Lita moja ya maji ni kilo moja, watu wawili mmeshakula kilo zaidi ya mia, na baiskeli mbili zinamalizia.

Kama hamjawahi, kodini kabla ya kufikiria kununua. Na usiku wa kwanza mlale karibu na mahali mlipolichukulia, maana usiku huo ndipo mtagundua pampu ya maji haifanyi kazi au hakuna anayejua swichi ya friji ilipo.

Hatua ya 3: Mkikabidhiwa gari, msione haya

Pigeni video kuzunguka gari lote, juu ya paa kama mnafikia, chini ya bampa na kila kioo. Angalieni tairi: ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ulizeni jeki, spana na spea tairi viko wapi, na kama hakuna spea, dawa ya kuziba pancha iko wapi. Wote wawili muandikwe kwenye bima kama madereva. Someni kile mkataba unachokataza. Mingi inakataza kuingia ufukweni na barabara zisizo na lami, na bima nyingi hazigusi paa wala uvungu.

Kimo cha gari kiandikeni kwenye karatasi na mkibandike mbele ya dereva. Kwa mita, na kwa futi kama mnaenda nchi inayotumia futi. Mtu aliyezoea gari dogo hawezi kukumbuka paa lake akiwa na njaa mbele ya maegesho yenye chuma cha kuzuia.

Hatua ya 4: Maji, umeme na gesi

Maji kwanza. Watu wawili wanaopika, kuosha vyombo na kujimwagia kidogo hutumia kama lita 20 kwa siku wakijibana. Tangi la lita 60, basi, ni siku tatu. Jazeni kila mpatapo nafasi hata kama limebaki nusu, na mpira wenu wa maji ya kunywa usikae pamoja na mpira wa kusafishia choo. Maji machafu ya sinki yana tangi lake na yanamwagwa pale palipotengwa. Kuyafungulia ufukweni ni tabia inayowafanya wenyeji wachukie magari haya, na wana haki. Choo cha kubebeka kwa wawili hujaa kwa siku mbili au tatu. Msingoje taa nyekundu, kwa sababu ikiwaka huwa mko kilomita sitini kutoka mahali pa kumwagia.

Umeme una hesabu rahisi. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa zipatazo 1,200. Friji ya kompresa inakula kama 400 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Taa, simu na pampu ya maji, 100 hadi 150. Maana yake mnakaa siku mbili bila jua. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo igaweni kwa mbili, kwa sababu mkiitumia chini ya nusu mnaiua mapema. Paneli ya sola ya wati 100 iliyolala bapa juu ya paa hutoa 300 au 400 kwa siku nzuri, na kando ya bahari asubuhi nyingi ni za ukungu. Birika la umeme la wati 1,500 lisahauni: kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, linavuta ampia zaidi ya 120 kwenye betri. Chemsheni kwa gesi.

Gesi haina mzaha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, ndiyo maana gari lina matundu chini. Upepo wa baridi utaingia kupitia hapo na mmoja wenu atataka kuyaziba kwa taulo. Asizibe. Msipashe joto gari kwa moto wa jiko, na kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, kijaribiwe kabla ya kulala usiku wa kwanza. Butani haigeuki kuwa mvuke jotoridi likikaribia nyuzi sifuri, hivyo msimu wa baridi chukueni mtungi wa propani, unaofanya kazi hadi chini ya sifuri kwa mbali.

Hatua ya 5: Pakieni kidogo, vizito vikae chini

Mifuko laini, si masanduku. Sanduku tupu halina pa kukaa. Vizito viwe chini na katikati ya magurudumu. Kila kitu kiwe na mahali pake na kirudi hapo, kwa sababu kwenye sakafu ya mita mbili za mraba kisu kilichopotea kinasimamisha kila kitu. Chukueni nguo nusu ya mlizofikiria na makoti ya mvua mawili ya kweli. Brashi ndogo ya mkono. Taa za kichwani mbili, maana moja ni ugomvi.

Hatua ya 6: Kupata pa kulala

Hapa ndipo safari inapokuwa tamu au chungu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria hazifanani, na jina zuri hudanganya. Uskoti ina haki ya watu kutembea na kupiga kambi ardhini, lakini haki hiyo haihusu magari. Norwei nayo ina haki ya asili ya kutembea porini, ila ni ya mtu na hema lake, si ya kuendesha gari nje ya barabara. New Zealand ina sheria ya mwaka 2011 ya kulala bure, na maeneo mengi huruhusu tu magari yenye cheti cha kujitegemea, yaani yenye choo, maji na tangi la uchafu la kuwatosha waliomo siku tatu. Hispania hutofautisha kuegesha na kupiga kambi: magurudumu chini na vitu vyote ndani, umeegesha, ukifungua turubai na kutoa viti, umepiga kambi na faini inakuhusu. Ufaransa na Ujerumani zimejaa maegesho maalumu ya magari haya, yenye pa kujaza maji na kumwaga uchafu. Usiku mmoja kati ya kila mitatu tunalala kambi ya kulipia, tunaoga maji moto mpaka vidole vinakunjamana, kisha tunaendelea.

Fikeni kabla ya giza, saa mbili kabla kama inawezekana. Mahali palipokuwa pazuri kwenye picha panaweza kuwa mteremko, au chini ya taa ya barabarani, au palipojaa.

Tazameni upepo. Wavuvi wana maneno yake: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Pua ya gari ielekee joshini, mlango wa kuingilia uwe demani. Mwaka mmoja tuliegesha kinyume kwa ajili ya mandhari, bahari ikiwa mbele ya kitanda milango ya nyuma ikifunguliwa. Saa nane usiku nikataka kuchungulia mawimbi. Nilivuta kitasa kidogo tu, upepo ukanipokonya mlango wote, ukauzungusha mpaka bawaba ikalia na kupinda. Tulisafiri siku nne zilizobaki na mlango umefungwa kwa kamba ya kuanikia, na kila ukipiga kelele mke wangu alikuwa akisema, "Mandhari hiyo." Turubai la pembeni ndiyo zaidi: likunjeni kila usiku, hata kukiwa shwari, kwa sababu upepo wa bahari hauombi ruhusa.

Tazameni maji. Kati ya maji kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, hivyo kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanapanda zaidi na kukauka zaidi. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda wala kukauka sana. Kwa hiyo alama ya mwani mnayoiona juma la maji mafu haiwaambii maji yatafika wapi wiki ijayo. Ghuba ya Fundy, Kanada, hupanda hadi mita 16. Kule Lindisfarne, Uingereza, barabara ya kwenda kisiwani hufunikwa mara mbili kwa siku, ratiba ya kuvuka imebandikwa pembeni, na bado kuna madereva wanaookolewa wakiwa juu ya paa. Pakueni jedwali la maji kwenye simu lifanye kazi bila intaneti, na msilale mahali ambapo mchanga una unyevu.

Mkinasa kwenye mchanga, ondoeni mguu kwenye mafuta. Gurudumu likizunguka bure linajichimbia kaburi. Punguzeni upepo wa tairi, chimbeni mbele ya magurudumu, tandikeni mkeka au mbao, ondokeni polepole kwa gia ya pili, kisha mjaze upepo tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Hatua ya 7: Barabarani

Gari hili ni refu kwenda juu na ubavu wake hukamata upepo. Kwenye madaraja na kila mnapotoka nyuma ya jabali, shikeni usukani kwa mikono miwili, pigo la upepo linawangoja hapo. Mteremko mrefu shukeni kwa gia ileile ambayo mngepandia, msikanyage breki mfululizo hadi zinuke. Mkiona magari matatu nyuma yenu, egesheni yapite. Watu wanaokwenda kazini hawako likizo.

Hatua ya 8: Wawili ndani ya mita chache

Ugomvi wa kwanza huwa wa rivasi. Mmoja yuko nyuma anaelekeza, ameingia pale ambapo kioo hakimwoni, anapaza sauti "Huku! Huku!" Dereva amefunga dirisha, redio inaimba, anasikia neno moja kati ya matatu. Kisha kuna mti. Sheria zetu ziliandikwa baada ya mti huo: dirisha wazi, redio imezimwa, dereva asipomwona mwelekezaji kwenye kioo anasimama palepale. Mikono yote miwili juu ni kusimama. Neno "huku" limefutwa, na "kulia" pia, kwa sababu kulia kwa nani? Tunasema "upande wa dereva" na "upande wa abiria".

Ugomvi wa pili hutokea nusu saa baada ya kufika, wote mmechoka na kila mmoja anafanya kazi ya mwenzake. Gawaneni: mmoja nje, anasawazisha gari kwa vipande vya chini ya tairi, anafungua gesi, anaunganisha umeme, mwingine ndani, anafungua madirisha, anatandika, anainjika maji. Nusu saa hiyo msijadili lolote la kesho. Baada ya siku tatu nne badilishaneni, kazi zote pamoja na usukani, ili mmoja akiugua mwingine asianze kusoma kitabu cha maelekezo chini ya mvua.

Sisi tuna siku zake na siku zangu. Siku yake anaamua pa kusimama na pa kulala, na mimi sina kura, ila kwa usalama tu. Kumbe anapenda minara ya taa kuliko fukwe. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwa nalijua hilo.

Kila mmoja apate saa yake peke yake kila siku. Anatembea ufukweni, au anabaki ndani mlango umefungwa, na akirudi haulizwi alikuwa wapi. Anayeamka mapema aandae viatu, koti na birika nje usiku uliotangulia, maana mlango wa kuteleza saa kumi na moja alfajiri unaamsha kambi nzima, achilia mbali mwenzako. Pesa za safari wekeni kwenye mfuko mmoja wa pamoja. Hesabu za nani alilipa dizeli hazina mwisho.

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ondokeni. Kawaida anga hubadilika mkiingia bara kidogo, na kama haibadiliki, lipieni chumba cha kawaida chenye kuta usiku mmoja. Hamjashindwa.

Hatua ya 9: Oshaneni chumvi

Gari namaanisha, ingawa nanyi pia. Hewa ya bahari hubeba chumvi hadi mbali na maji, na chumvi hukaa kwenye bawaba, breki na mikunjo ya uvungu. Kila baada ya siku nne tano tafuteni mahali panaporuhusu kuosha magari, anzeni chini, maji matamu mengi bila nguvu kubwa, ndipo mpande juu. Paneli ya sola ifutwe, utando wa chumvi huikata umeme.

Usiku wa mwisho laleni chini ya saa moja kutoka mnaporudisha gari. Mwageni matangi jioni, jazeni mafuta, ondoeni godoro mkung'ute nje. Mchanga mtaukuta kwenye reli ya mlango, kwenye droo ya vijiko, ndani ya friji kwa njia ambayo hakuna awezaye kuieleza. Ndiyo kazi ya ile brashi ndogo, na itachukua saa nzima, kwa hiyo mmoja afagie na mwingine ainjike chai.